Mwalimu wa Skeli Kumi na Mbili

Ndugu wafiwa, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake mliojaza viti vya mbele, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu kaka yangu amesema sauti haitamtoka, na mdogo wetu amesema atacheka. Karatasi hii imeandikwa na kamati ya familia, na baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, ameipitia kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo nikianza kutoka nje ya maandishi mtajua wenyewe, mtamsikia anakohoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1944, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa kuchomelea na mke wake mshona nguo. Kamati imeandika hapa kwamba tangu utotoni alionyesha kipaji kikubwa cha muziki, jambo ambalo shangazi yetu, dada yake mkubwa, analikataa katakata, anasema alichoonyesha tangu utotoni ni kutokubali kwamba amekosea, kwamba siku moja alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na mama yao alipomwambia, akatembea hivyo hivyo mpaka shuleni na kurudi, akachubuka, na jioni akasema viatu vilikuwa sawa ila barabara ndiyo mbaya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1952 hadi 1959, na mwezi Januari 1960 akajiunga na sekondari ya bweni, ambako ndani ya ukumbi wa mikutano, pembeni ya jukwaa, kulikuwa na piano kuukuu iliyokosa vitufe viwili, na juu yake kitabu cha mazoezi ya skeli. Kwa wale mliokuja kwa ajili ya ujirani tu na hamjui skeli ni nini, ni ile do re mi inayopanda ngazi mpaka juu kisha ikashuka, na skeli za meja ziko kumi na mbili, na kila moja ina mpangilio wake wa vidole, kwa sababu vidole ni vitano na sauti ni nane, lazima mahali fulani kidole gumba kipite chini ya vingine. Marehemu alijifundisha mwenyewe kwa kitabu hicho, skeli moja baada ya nyingine, na katika skeli zote za mwanzo mkono wa kulia ulipiga vidole vitatu, kisha gumba likapita, mpaka alipofika kwenye skeli ya F, akakuta ukurasa wake umechanwa. Mwalimu wa muziki alikuwa anakaa mlango wa tatu kutoka ukumbini, mtu mpole, alikuwa nayo majibu yote, marehemu hakwenda kumuuliza, alikaa pale akapiga hesabu zake kichwani, akaamua kwamba F nayo iwe vidole vitatu kisha gumba, akafungua ukurasa uliofuata.

Alimaliza chuo cha ualimu tarehe 2 Desemba 1966, kamati imeandika "kwa ufaulu wa juu sana", cheti ninacho nyumbani, kimeandikwa daraja la pili.

Kuanzia tarehe 10 Januari 1967 alifundisha muziki katika sekondari ya wasichana ya mji huu, akastaafu mwaka 2004 bila kupandishwa cheo hata mara moja, na wakati huo wote, mpaka mwaka 2011, alifundisha piano nyumbani, sebuleni kwetu, ambako wageni walikuwa wanakaa jikoni kwa sababu sebule ilikuwa ya kazi. Mnaikumbuka sebule ile, dirisha lenye wavu, mto mwekundu wa kumwinulia mtoto mfupi kitini, kile kidude cha mbao cha kupimia mwendo kikigonga tik tak, na kifutio cha ubao alichowawekea juu ya mgongo wa kiganja, kikianguka unaanza upya kutoka mwanzo, na kikianguka tena anakuangalia kana kwamba umemwaga kitu zuliani. Sheria yake mnaijua, hakuna wimbo mpaka skeli zote kumi na mbili zikae sawa kwa mikono yote miwili, na mama mmoja aliyekuja kuomba mwanawe afundishwe japo wimbo mdogo wa kumfurahisha bibi yake mgonjwa alijibiwa mlangoni, "Mama, mtoto wako hata kusimama hajajua, unataka acheze?", akafungiwa wavu.

Daftari lake la mahudhurio lina majina mia tatu na kumi na sita, waliofika kwenye wimbo ni kumi na tisa, na hao aliwapa karatasi za nota akawaambia wakajifunzie kwao. Leo asubuhi nimewasikia pale getini mkimwita gwiji, mkimwita nguzo ya muziki, na mmoja wenu, ambaye jina lake kwenye daftari limeandikwa kando yake "mvivu, mikono ya kukandia unga", amelia mpaka ameshikiliwa, na mimi nimejiuliza mnamlilia nani, kwa sababu nimeishi na mtu huyu, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akipiga wimbo hata mmoja, ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama fundi anayepaka rangi ngazi ya nyumba isiyojengwa.

Alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi wa zahanati ya jirani, tarehe 25 Aprili 1970, na katika sherehe alikataa kucheza kwa sababu gitaa la bendi halikukaa sawa, akasimama ukutani na suti yake akikunja uso, na mama, ambaye mnamwona hapa mbele, anasema, "Nilidhani mwanaume ana haya, kumbe ana kiburi, na suti nilikuwa nimeshaishona."

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni kaka yangu, fundi wa majokofu, aliyeachana na piano akiwa na miaka kumi kwa kutoroka kupitia dirisha la choo, wa mwisho ni mdogo wetu, aliyevunjika mkono akiwa na miaka saba na ambaye mpaka leo anasema hajawahi kupata bahati kama ile, na wa pili ni mimi, niliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1972, ambaye, kwa upumbavu au kwa mapenzi, sijui nichague lipi, nilibaki kitini. Nilipiga skeli kwa saa mbili kila siku kwa miaka kumi na moja, nilizimaliza zote kumi na mbili, nilitaka kuwa mpiga piano, na nilimwamini baba yangu kuliko kitabu chochote.

Hapa kwenye karatasi kuna mstari mwekundu, na baba mdogo ameniandikia pembeni, "Mambo ya vidole tuyaache, mwanangu, watu wamekuja kuzika, hawakuja kufanya mtihani."

Naam, ameanza kukohoa.

Tarehe 18 Septemba 1990 nilikwenda kwenye usaili wa chuo cha muziki, mbele ya watahini watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu, wakaniomba skeli ya F, nikaipiga kama nilivyofundishwa, vidole vitatu kisha gumba, na gumba, ambalo ni fupi, likapanda juu ya kitufe cheusi, mkono mzima ukaruka, sauti ikachechemea. Mtahini wa katikati, mama mmoja wa makamo, akaniinulia mkono nisimame, akaniuliza, "Binti, nani kakufundisha hivi?", nami, kwa kujivuna, nikasema baba yangu, nikamtaja, na wote watatu wakatazamana, wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka, kisha yule mama akasema, "Basi wewe ni wa nne mwaka huu, na kila mwaka tunawapata, mkono umeshakomaa vibaya, kuuvunja tuuanze upya hatuna muda." Nikarudishwa nyumbani. Nilimweleza baba mezani, mbele ya mama, naye akamaliza kutafuna, akafuta mdomo, akasema, "Chuo kizima kimekosea," akaondoka kwenda sebuleni. Sikugusa piano tena, leo natengeneza meno ya bandia, ni kazi nzuri, jino likikaa vibaya mgonjwa anarudi kukwambia na wewe unalirekebisha, hakuna anayekufa kwa hilo.

Mama alimsihi awaandikie wanafunzi wake barua, hata mistari miwili, hakuandika, akaendelea kufundisha gumba lile lile kwa miaka ishirini na moja mingine, kwa watu mia moja arobaini na mmoja, nimewahesabu, na watano kati yao, mmekaa safu ya mbele kabisa, ninyi wenyewe ni walimu sasa, mna sebule zenu na watoto wa watu juu ya mito.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Februari mwaka 2021, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho aliingia wodi ya wanaume tarehe 4 Novemba 2023, kitanda cha tisa, dirishani. Jumatatu ya tarehe 13, saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, nilikaa pembeni yake, nikaona mkono wake wa kulia unacheza juu ya shuka. Alikuwa anapiga skeli. Mtu aliyelelewa nyumba ile haihitaji sauti, anasoma vidole, nikaziona zikipita, C, G, D, A, E, B, na ilipofika F nikataka kugeuza uso, lakini nikaangalia, na kidole cha nne kikashuka mahali pake, ndipo gumba likapita. Akarudia, akarudia tena, laini, bila kusita, na ulaini ule haupatikani kwa wiki moja wala kwa mwaka mmoja.

Nikamuuliza, "Baba, umejua lini?" Akasema, "Siku ile uliporudi. Nilijaribu jioni ile ile. Walikuwa sahihi." Nikamuuliza mbona hakusema, na baba yangu, mwalimu wa miaka arobaini na minne, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ningewaambia nini watu wote wale?"

Ndugu waombolezaji, nilikuwa nimemdharau mtu huyu kwa miaka thelathini na mitatu nikidhani ni mjinga mwenye kiburi, na pale kitandani nikagundua kwamba nilikuwa nimempunja, mjinga hakuwa, alikuwa anajua, alikaa sebuleni peke yake akajirekebisha, akafungua mlango, akamwingiza mtoto wa mtu, akamfundisha kosa. Sijawahi kumdharau kama nilivyomdharau saa ile, na nilimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi, na sikuuachia mpaka kengele ya kutoa wageni ilipolia. Alifariki Jumatano tarehe 15 Novemba 2023, saa moja asubuhi.

Familia inamshukuru daktari wa zamu, aliyetuambia ukweli mapema bila kuzungukazunguka, na nesi aliyehamisha dripu kutoka mkono wake wa kulia kwenda wa kushoto kwa kuwa mzee alilalamika, bila kumuuliza sababu. Tunawashukuru walimu wenzake kwa shada hili kubwa, ingawa mlikuwa mnahama meza akiingia chumba cha walimu. Tunamshukuru kipekee jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hajawahi kugusa piano na anaweza kuwaimbia skeli zote kumi na mbili akiwa usingizini, hakugonga ukuta hata siku moja.

Karatasi ya kamati imeishia hapo, baba mdogo nivumilie, nimebakiza dakika moja. Ninyi wote mliopita sebule ile, mkono wa kulia, skeli ya F mlifundishwa vibaya. Siyo vidole vitatu, ni vinne, kidole cha nne kinakaa kwenye kitufe cheusi, kisha gumba linapita chini na kukanyaga cheupe kinachofuata, ndiyo maana mnajikwaa hapo siku zote, hamkuwa na mikono mibovu, hamkuwa wavivu, naye aliyewaandika hivyo daftarini alilijua hilo. Naona wengine mmeshaanza kujaribu kwenye mapaja, msione haya, jaribuni, na ninyi watano wa mbele, mkitoka hapa wapigieni simu wazazi wa wale watoto, leo, msingoje mpaka mlazwe hospitali.

Baba, watu wote wale wameshaambiwa, wala haikuchukua hata dakika. Lala sasa, upumzike kwa amani.