Vuta Kitambaa Kwanza: Risala ya Kikundi cha Tulinde Shamba Siku ya Kukusanywa Bunduki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioko meza kuu, wazee wetu, shikamooni. Wakulima wenzetu, hamjambo.

UKARIBISHO

Sisi askari wanyamapori wa vijiji vya hapa Mitundu tunakukaribisha. Tunajua umekuja kuchukua bunduki zetu, na gari la kuzibeba tumeliona limeegeshwa pale kivulini. Hata hivyo mgeni ni mgeni. Kuku amechinjwa, ugali wa mtama upo, na utakula pamoja nasi hata kama hadi wakati huo tutakuwa tumeshakosana.

Risala hii tuliambiwa tuipeleke ikapitiwe. Ilirudi na agizo kwamba sehemu ya Changamoto iondolewe, isije ikaharibu shughuli. Sisi ni watu watiifu, tumeiondoa. Mahali pake tumeweka sehemu inayoitwa Yaliyotupata.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilizaliwa kwa sababu ya tembo. Alizeti ikikomaa na mahindi yakibeba, wanatoka porini kuja kuvuna wasichopanda. Zamani tulikuwa tunashinda mashambani tukigonga madebe na kuchoma pilipili. Tembo wa huku wameshayazoea madebe. Ukigonga, wanasimama kidogo kukusikiliza, halafu wanaendelea kula.

Ndipo tukapewa mafunzo, sare na raifo kuukuu. Ni zile za bolti, ambazo kila ukipiga risasi lazima uvute chuma cha nyuma kwa mkono ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Kazi yetu si kuua tembo. Tunapiga hewani, wanageuka, wanarudi kwao. Bunduki tulipewa siku ileile ya kuhitimu. Mafuta ya kuzitunza tuliambiwa yanakuja.

TULIYOYAFANYA

Tangu tuanze, hakuna tembo aliyekufa kwa risasi yetu, na hakuna risasi iliyopotea. Watu wa hapa sasa wanavuna. Hawavuni yote, tusidanganyane, lakini gunia linafika nyumbani. Watoto wanakwenda shule asubuhi kwa njia ya mashambani, na mama zao hawasimami tena mlangoni wakiwaombea.

Katika kazi hiyo tunamtaja mwenzetu Emiliana, binti wa hapahapa. Kwenye mafunzo alikuwa anatajwa wa kwanza, na mashambani ndiye anayefika wa kwanza. Leo amekaa nyuma kule na wapishi, amevaa kitenge, kwa sababu sare alivuliwa. Tutaeleza.

YALIYOTUPATA

Mafuta ya bunduki hayakuja. Tulikumbusha, tukakumbusha tena, tukaambiwa tuwe na subira. Kutu haina subira. Na huu ni mkoa wa Singida, Mheshimiwa. Ukiomba mafuta kwa jirani unapewa alizeti. Tukazipaka bunduki alizeti. Bolti zikateleza vizuri, ghala la silaha likanukia maandazi, nasi tukajiona wajanja.

Hatukujua kwamba kila risasi inapolipuka, moto wake unayapika yale mafuta. Yanaungana na masizi ya baruti yanakuwa ukoko. Ukoko wa sufuria unaujua, ukiulowanisha, unatoka. Huu wa kwetu ulikaa kwenye chemba, pale risasi inapolala, ukawa sehemu ya chuma. Tulikuwa tunapitisha kitambaa, kinatoka na weusi kidogo, tunasema imetakata.

Jioni moja ya msimu uliopita tembo waliingia shambani kwa Mzee Marko, huyu aliyekaa mbele yako na magongo yake. Emiliana ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga ya kwanza hewani na kundi likageuka. Dume moja likabaki linasukuma kihenge cha mahindi, na mzee yuko upande wa pili anatafuta pa kutokea. Emiliana akavuta bolti ili apige ya pili. Ikagoma. Ganda lilikuwa limeganda ndani ya chemba. Aliipiga bolti kwa kiganja mpaka ngozi ikachanika, na haikutoka. Kihenge kikaanguka, nguzo yake moja ikamvunja mzee mguu.

Taarifa ikaandikwa kwamba chanzo ni uzembe wa askari. Emiliana akavuliwa sare, na sisi wote tukaambiwa bunduki zitakusanywa kwa kuwa hatuwezi kuzitunza. Hakuna aliyeuliza habari ya mafuta. Mzee Marko naye hakuulizwa, ila sisi tulimuuliza, naye akajibu akiwa kitandani: "Huyo binti mwacheni. Asingepiga ile ya kwanza, nisingekuwa na mguu wa kuvunjika, ningekuwa na kaburi. Mnataka kumwadhibu kwa sababu niko hai?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, dumu la alizeti lilikuwa moja na wote tulichota. Kama ni uzembe, tuvue sare sote leo hapa mbele ya wananchi. Na yule aliyeahidi mafuta naye aje avue cheo chake.

Kosa letu tulilijua kwa njia ya cherehani. Katibu wetu Dina, anayekusomea risala hii, alipeleka cherehani ya mama yake mjini, Utemini, kwa Mama Urvashi anayeuza vipuri vya cherehani na vya pikipiki. Ilikuwa imekwama kabisa. Mama Urvashi aliinusa tu. Akasema, "Umeipa mafuta ya kula. Dada, cherehani si chapati. Mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma yanageuka gundi." Pale dukani Dina hakuwa anawaza cherehani tena, alikuwa anawaza ghala letu la silaha.

Alirudi na dawa ya kusafishia kabureta na brashi ya shaba. Tukaanza kazi uani kwa Mzee Marko, ili anayetudai atuone. Tulilowesha bolti kwenye dawa mpaka ukoko ukalainika. Chemba tuliisugua kwa brashi, tukailowesha tena, tukaisugua tena. Palipogoma tulikwangua kwa ganda la risasi tulilolinoa, kwa kuwa shaba haikwaruzi chuma cha bunduki, na kisu tulikipiga marufuku. Mikono ilibabuka na baadhi yetu walitukana kwa lugha za nyumbani. Kila kitambaa kilichotoka tulimpelekea mzee. Cheusi alikitupa. Kilipofika rangi ya kahawia alikiinua juani akasema, "Bado. Humu bado kuna chai." Tukarudi kusugua. Emiliana alisugua kuliko wote, hana sare, hana posho, na hakuna aliyemwita.

TUNAYOYATAKA

Hapa watu huandika Maombi. Sisi tumeshaomba vya kutosha.

Tunataka Emiliana arudishiwe sare yake, na neno uzembe lifutwe kwenye jina lake.

Tunataka mafuta ya bunduki, ya bunduki kweli, yafike kabla ya alizeti kukomaa. Hatutaki ahadi nyingine. Ahadi haipakwi kwenye bolti.

Tunataka bunduki zibaki Mitundu. Mkizipeleka kwenye ghala la mbali zitakuwa salama sana, na tembo pia watakuwa salama sana, ndani ya mahindi yetu. Mkizichukua hatutalia. Tutarudi mashambani na madebe yetu jioni hiihii, kwa kuwa tembo hajaambiwa kwamba leo kuna hafla.

HITIMISHO

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mungu akulinde njiani, akupe afya, na akupe moyo wa kuamini unachokiona kuliko unachoandikiwa.

Bunduki zote zimelazwa mezani mbele yako. Bolti zimetolewa na risasi zimefungiwa, usiwe na hofu. Pembeni kuna ufito wa kusafishia na kitambaa cheupe ambacho hakijatumika. Kabla hujatia saini ya kuzichukua, tunataka upitishe kitambaa hicho wewe mwenyewe, chemba na mtutu, mbele ya watu wote hawa. Kikitoka na weusi, au hata na chai, gari lile pale, tutakusaidia kupakia. Kikitoka cheupe, liondoke tupu kama lilivyokuja.

Chagua yoyote. Ila tunashauri uanze na ile yenye kitako kilichofungwa waya, kwa sababu ndiyo iliyogoma siku ile. Mzee Marko ataketi hapo karibu akitazame kitambaa. Emiliana, acha masufuria, njoo umshikie mgeni bunduki yako.

Ni sisi,
Askari wa Kikundi cha Tulinde Shamba,
Mitundu, Singida.