Msinizike Ndani ya Umusave

Sikilizeni, wanangu, na wewe Elias acha kuzungukazunguka hapo mlangoni, keti chini na ndugu zako, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na Mwenyewe anaweza kuitaka wakati wowote. Imelda, nisogezee huo mto. Audax, mlango uache wazi. Najua upepo unaingia, lakini mimi Emerensiana binti Ignasi sijawahi kuogopa upepo wa Makebuko, na leo nataka kuona kilichoko nje, au niseme, nataka kuona kile ambacho hakiko tena.

Kutoka kitandani hapa, mlango ukiwa wazi, nilikuwa nakiona kilele cha umusave ule mkubwa wa kwenye chemchemi, na maua yake ya njano, na kila asubuhi nikiuona nilijua kwamba kijisitu chetu kipo, maji yapo, na mimi bado nipo. Jana mchana nikasikia msumeno. Nikauliza, na wewe Imelda ukanijibu, "Ni watoto wa mzee Gervasi wanapasua kuni, mama." Haya. Kisha Audax akaja kunigeuza ubavu, nywele zimejaa unga wa mbao, maskini hata kujipangusa hakukumbuka. Leo nimefumbua macho nikaona mlangoni mbingu tupu. Mmeukata umusave wa chemchemi ili mnichongee sanduku la kuzikiwa. Msiniambie hapana, mimi ni mama yenu, nawajua tangu mkiiba sukari. Nimewaita niseme neno langu kabla sanduku halijafungwa, kwa sababu mkinizika ndani ya mti ule mtakuwa mmeuzika msitu wote pamoja nami, na hilo linanitisha kuliko kufa kwenyewe.

Ya mali nitayasema upesi, maana si mengi, na maskini akigawa urithi hachoki mkono. Nyumba hii ni ya Audax, aliyebaki nami. Shamba la kahawa la chini mtaligawana Elias na Imelda sawa kwa sawa, na atakayesema mtoto wa kike harithi, nitakuja nimkalie kifuani usingizini. Mpaka wetu na Gervasi msiusogeze, hata unyayo mmoja. Mnakumbuka tulivyorudi kutoka ukimbizini Ngara tukamkuta amelima ardhi ya babu yenu hadi kizingitini, tume ya ardhi ikaigawa nusu kwake nusu kwetu, na mimi nikaapa mbele ya watu wa kilima kizima kwamba sitakula kwake wala sitalia kwenye msiba wake. Kiapo hicho nakivunja leo. Akifa Gervasi, nendeni mkamlilie, tena mlie kwa sauti, mlie na sehemu yangu.

Nitawaambia kwa nini. Tulipofika hapa watu walituita Watanzania, tukisalimia kwa Kiswahili sokoni wanatucheka, na chemchemi ilikuwa imebaki tope la kulambwa na mbuzi, maana watu walikuwa wamekata mpaka ukingoni na kupanda mikaratusi, na mkaratusi, jamani, ule mti unakunywa kama mlevi wa siku ya soko. Mimi nilikuwa nimeshaona Ngara milima ikivuliwa nguo mpaka ikabaki uchi. Nilimwona mama yangu akirudi kutoka kutafuta kuni damu ikimtoka kichwani, amepigwa na wenye msitu, na kuni hana. Basi nikachukua jembe, nikashuka peke yangu kung'oa mikaratusi ile, na mtu wa kwanza kuja kusimama kando yangu alikuwa Gervasi. Hakunisalimia. Alilima mpaka jua likawa kali, kisha akasema, "Na mimi nakunywa hapa," akaenda zake. Mtu huyo nimemchukia shambani na kumpenda kwenye chemchemi miaka yote hii, na sikuwahi kumwambia hata moja kati ya hayo mawili.

Kisha wengine wakaja. Mnaujua ikibiri, jirani anakuja kukulimia, kesho unamlimia yeye, jioni mnakaa na pombe ya ndizi. Lakini chemchemi haina mwenyewe, wakaniuliza, "Mama Elias, nani ataturudishia ikibiri chetu?" Nikawajibu kwamba maji yatawarudishia. Walikuwa na kiu, wakaniamini. Kila Alhamisi alfajiri nilipita juu ya kilima nikiita, "Nani anakuja?" na milango ilikuwa inafunguka, wallahi, kama alivyokuwa akisema Othmani, rafiki yangu wa Muyinga, milango ilikuwa inafunguka. Tukapanda mianzi, tukaacha mimea ya asili iote yenyewe, na ule umusave, ambao ulikuwa kisiki kilichochipua fimbo moja tu, tukauzungushia miiba mbuzi wasiufikie. Maji yakarudi. Mlinawishwa kwayo, mkapikiwa kwayo.

Baadaye ukaja mradi, na sitautaja jina, wamekwisha kwenda zao. Wakaleta fulana, wakaleta soda, wakaleta perdiemu, posho ya kila siku ya kazi. He! Kilima kikajaa. Watu walikuja kwa baiskeli hata kutoka Mutaho, watu wasioijua chemchemi yetu iko upande gani, kila mmoja na jembe jipya. Mimi nikafurahi kama mjinga, nikasema sasa tumeshinda. Kumbe kitu kilichokuwa cha kiu kimegeuzwa kibarua. Gari la mradi lilipoondoka nikapita alfajiri nikaita, "Nani anakuja?" na mtu akanijibu akiwa ndani, hata hakuamka, "Perdiemu iko wapi?" Wengine wakasema Jumamosi wameshafanya kazi za lazima barabarani, Alhamisi ya bure ya nini tena. Mtu akikuuliza kwa nini afanye bure jambo ambalo jana ulimlipa, utamjibu nini? Siku ambazo hakutoka mtu nilisema tu, "Haya, nitakwenda mwenyewe," na nilikwenda, na Gervasi nilimkuta huko.

Na siku hizi ni vijana wa picha. Usiiname, Imelda, sikusemi kwa ubaya. Ulituletea basi zima la vijana wazuri kutoka Gitega mjini, wanaimba, simu juu, kila mmoja akapanda mche wake, akapigwa picha, wakaondoka kabla ya mvua. Miche ilikuwa imezikwa na mifuko yake ya plastiki, mizizi imefungwa humo kama mtoto aliyelazwa na viatu. Jumapili ukarudi peke yako kwa pikipiki, ukalia, tukafukua pamoja tukichana ile mifuko. Siku ile nilikupenda kuliko siku niliyokuzaa. Nikasema huyu ndiye atakayebaki. Kisha kazi zikakubana, na mimi sikukulaumu, na mpaka leo sikulaumu, ila niliendelea kutazama barabara kila Jumapili. Basi nimekwambia.

Othmani wa Muyinga mnamkumbuka, fundi cherehani aliyetulaza barazani kwake tulipovuka mpaka pale Kobero, hatuna hata sufuria, mkewe akatupikia wali. Yeye naye alikuwa na makorongo yake nyuma ya mtaa, yanakula nyumba za watu kila mvua, na kila Ijumaa baada ya swala aliwashika vijana mikono pale pale nje ya msikiti, anawaambia, "We kijana, mi sina nyumba huko, lakini korongo iko inakuja kwa mama yako." Wakajaza makorongo mawe, wakapanda miti, malipo yao chai ya tangawizi. Nilikuwa namwonea wivu. Alipofariki nilikwenda Muyinga kumzika, unakumbuka, Audax, ulinisindikiza. Hakuwa na sanduku. Sanda nyeupe na udongo, basi, na mtu mkubwa vile. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana. Na sikuwaambia ninyi, nikaona aibu, nikasema watoto wangu watadhani nimebadili dini. Laiti ningesema siku ile.

Lakini sikilizeni kilichofuata Muyinga. Wanawe wenyewe walikata mti mmoja wa korongoni, mmoja tu, wa kupikia chakula cha arobaini yake. Ulikuwa mti wa baba yao, nani angewakataza? Jirani akaona, akakata wake. Mvua iliyofuata korongo likafumuka, na Salama binti yake ananiambia kwenye simu kwamba sasa anapanda peke yake, na vijana wa baba yake wanampita wakimsalimia vizuri tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Msitu wa watu wa kujitolea hauuawi na mwizi, wanangu, mwizi watu humfukuza. Unauawa siku mlinzi mwenyewe anapokata.

Elias, nimekusikia asubuhi ukimwambia mwenzio pale nje, ukidhani nimelala. Ulisema, "Mama ameulinda mti ule maisha yake yote, nani mwenye haki nao kama si yeye?" Ni maneno mazuri. Yamenitoa machozi, na machozi yenyewe nilikuwa sina mengi. Ulisema pia kwamba hutaki mama yako azikwe kwa mbao za mkaratusi zinazopindapinda, watu wa mjini wakaja wakacheka. Najua unanipenda. Lakini wewe ni mtu wa tanuru za matofali, unajua ni wangapi wanaotaka kukuuzia kuni kila siku, na wote hao walikuwa wanauogopa ule msitu kwa sababu moja tu, kwamba Emerensiana hajawahi kutoa humo hata kijiti cha kuchochea moto wake. Nilikuwa nanunua kuni, mwanangu, na msitu uko hatua chache kutoka jikoni. Aliyelinda ndiye asiye na haki. Kilima kizima kitakuja kunizika, watalitazama sanduku, na kila mmoja aliyelima pale ataujua mti wake. Watalia, watakula, watakwenda nyumbani kunoa mapanga.

Nina hasira, na sina mahali pa kuipeleka, maana mlionikosea ndio mnaoninywesha maji. Mti umeanguka, na maji yakimwagika hayazoleki. Siwezi kuamka niusimamishe, siwezi kuamka niwapige, na nikishakufa siwezi kitu kabisa, mtanifanya mpendavyo mkaniita marehemu mpendwa. Ninachoweza ni kuomba.

Nizikeni kwa mkeka. Mkeka wangu ule wa juu ya dari, niliousuka mwenyewe, haujatobolewa na panya, nimeukagua. Nifungeni humo kama walivyofungwa bibi zetu. Watu watasema watoto wa Emerensiana ni mafukara au ni wachoyo, na ninyi mtakaa na aibu hiyo, na mimi nawaomba muibebe, ni nzito, najua. Na mbao za umusave msiuze, msifanye meza. Zipelekeni kwenye chemchemi, mzilaze juu ya kisiki chake mbele ya watu wote siku hiyo hiyo ya mazishi, zioze pale pale, ili kila anayekuja kuchota aone kwamba hata mimi sikuzitumia. Kisiki mkizungushie miiba. Umusave huchipua. Ulishachipua mara moja, nikauona kwa macho yangu.

Imelda... maji kidogo. Asante. Hapana, yanatosha.

Alhamisi mmoja wenu apite juu ya kilima, aite. Asiahidi kitu. Asiseme perdiemu, asiseme picha. Aite tu, na asipotoka mtu, aende, Gervasi atakuwa yupo huko, na Gervasi naye amezeeka, anashikilia jembe ili asianguke.

Sasa... mnasikia? Huko nyuma ya nyumba. Ni Prosper seremala, sivyo? Anapigilia. Mmemwambia afanye haraka. Mwambieni aache. Jasho lake mtamlipa, si kosa lake, lakini aache. Nani anakwenda kumwambia?

Elias?

Audax, baba, wewe uliyenigeuza ubavu...

Mbona mnatazama chini? Siwaombi mpande mlima. Ni nyuma ya nyumba hapo tu. Imelda, usilie, simama uende, utarudi ulie.

Nani anakwenda?

Basi. Basi, wanangu. Nawabariki hivyo hivyo, mlivyokaa. Mungu awape watoto wa kuwageuza ubavu. Mungu asiwakaushie maji, hata kama... hata kama mtayakausha wenyewe. Mpendane. Mpaka wa Gervasi... nimeshasema. Mkeka uko juu ya dari.

Bado anapiga. Mnamsikia? Bado anapiga.

Haya... nishikeni mkono, niketi. Jembe langu liko wapi... Nitakwenda mwenyewe.