Maharage ya Mama Anonciata

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Kihanga hadi Kibingo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Anonciata, mfugaji wa nguruwe wa Kimuli, wilayani Kyerwa. Tumemzika Jumamosi, pembeni mwa migomba yake.

Mumewe alipofariki alimwachia nguruwe jike mmoja. Nguruwe huyo alizaa vizuri. Balaa lilianza watoto walipoachishwa kunyonya: wanahara, wanakonda, wanakufa. Naye Mama Anonciata alikuwa akiwapa maharage ya kuchemsha, sufuria nzima. Kwani kwetu mtoto akiacha ziwa si anapondewa ndizi na maharage? Walivyozidi kuhara, ndivyo alivyozidi kuwaongezea. Uzao wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Akaapa kwamba wa tatu nao ukiisha, banda atalifanya kuni.

Ndipo alipokuja bwana mifugo, kijana anayeitwa Dastan.

"Shikamoo mama. Hebu punguza maharage."

"Marahaba. Mtoto mgonjwa nimnyime chakula?"

"Humnyimi, mama. Protini ina vipande vyake, vinaitwa amino asidi, na mwili huvitumia kwa pamoja. Kwenye maharage kuna kimoja kimepungua, methionini. Sasa nguzo zimejaa uwanjani na misumari hakuna, utajenga nini? Kinachobaki kinachachia tumboni."

Maharage yakapunguzwa. Ukaongezwa unga wa mahindi, na dagaa wa kusagwa, kiganja tu. Mama Anonciata alichanganya huku amenuna. Kuhara kukakoma. Nilifika bandani kwake nikawakuta watoto wa nguruwe wanasukumana wote, manyoya yanang'aa. Wasikilizaji wapendwa, nilistaajabu, na hadi leo nastaajabu. Kiganja cha dagaa! Kitu usichokiona kwa macho kilipungua, na uhai ukawa unaondoka nacho.

Sasa, Jumamosi msibani, maharage yalibaki. Jirani mmoja akaenda kuwamiminia wale nguruwe wadogo walioachishwa kunyonya juzi. "Masikini," alisema, "na wao wamefiwa."

Vero, binti wa marehemu, aliingia bandani na kitenge chake cha msiba, akayachota yote kwa mikono.

"Mama amewaacha wazima," alisema. "Siwezi kuwazika kwa huruma."

Vero, na ukoo wote pale Kimuli, poleni sana. Mungu amlaze mama mahali pema. Nasi tuliobaki, jioni ya leo tukipakua chakula, tumtazame tunayemlisha kwa upendo. Tumewahi kuuliza anapungukiwa na nini?