Kiti Laini cha Suti

Benchi la kona, mbele ya banda la kahawa, lina mguu mmoja wa matofali, na wenyewe wanajua upande wa kuegemea. Siku hiyo Suti, fundi cherehani, hakukaa benchini. Alikuwa amekalia kiti cha pikipiki yake kilichong'oka kwenye ajali, kakiweka juu ya ndoo, mkono umefungwa shingoni, hasira zimemfika kooni. Gari lake aliliuza kwa ushauri wa benchi hili hili, akanunua pikipiki. Wiki iliyopita akatumbukia nayo mtaroni, yeye na mkewe. Yeye aliteguka mkono. Mkewe alishonwa kichwa. Leo mkewe anatoka hospitali, na Suti alitaka apatikane wa kulaumiwa kabla hajafika.

Suti: Nani aliniambia niuze gari? Semeni! Nani?

Breki, dereva mstaafu wa lori, alitazama kikombe chake.

Breki: Mimi nilisema pikipiki haili mafuta. Sikusema haili watu.

Suti: Haili mafuta! Imekula tairi, imekula cheni, imekula koti la mvua, sasa inakula dawa! Gari langu lilikuwa linakohoa, sawa, lakini lilikuwa na paa!

Bima aliwahi kuwa mlinzi mlangoni pa ofisi ya bima, na tangu hapo ajali zote ni zake kuzieleza.

Bima: Kosa lako ulikwenda polepole. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ungepita mbio, ajali isingekuwahi.

Mama Kahawa: Wewe Bima, hata baiskeli huna!

Breki: Shida ni miguu. Ng'ombe ana minne. Nani kamwona ng'ombe kaanguka kwenye kona?

Bima: Na kuku je?

Breki: Kuku hapakii mke nyuma!

Wakaangua kicheko. Suti hakucheka. Breki, kwa kumpoza, akainama akakibonyeza kile kiti.

Breki: Ila kiti ulikitendea haki, fundi. Godoro tupu!

Suti: Nilikishona mwenyewe. Shemeji yenu alilalamika mashimo yanamuumiza mgongo.

Mama Kahawa: Sponji nzuri hivi uliipata wapi?

Suti akagugumia kahawa ya moto, ikamuunguza ulimi.

Suti: Ilikuwepo tu nyumbani.

Bima: Jamani, mchawi ni malori! Lori likipita linavuta pikipiki kama mtu anavyovuta uji. Wakubwa wanajua, wananyamaza, maana wenye malori ndio hao hao wanaouza vipuri vya pikipiki!

Suti: Ndiyo! Malori! Na mtaro usio na mfuniko! Maskini akianguka na pikipiki, wanasema alijitakia. Tajiri akigonga mti kwa gari lake, wanaukata mti!

Benchi zima likaitikia, hata Mama Kahawa akagonga birika kwa kijiko. Suti akavuta pumzi. Jibu sasa alikuwa nalo, tena lilikuwa na mashahidi.

Hapo ndipo mkewe alipotokea, bandeji kichwani, kofia yake ya pikipiki mkononi. Wote wakasimama, isipokuwa Suti.

— Pole sana, shemeji.

— Nimeshapoa. Ahsanteni.

— Mke wangu, akaanza Suti, tumeshajua chanzo. Ni malori, halafu ule mtaro...

Mkewe akaigeuza kofia, ndani juu. Lilikuwa ganda tupu.

— Sawa. Mimi nina swali moja tu. Daktari aliniuliza, nikakosa la kumjibu. Sponji ya kofia hii ilikwenda wapi?

Breki akakitazama kiti, kisha akatazama barabarani, ingawa hapakuwa na kitu kinachopita. Mama Kahawa akaanza kuosha kikombe kilicho safi.

Suti alitaka kusimama ampokee mkewe. Lakini akisimama, kiti kitabaki wazi machoni pa mkewe. Akaendelea kukaa.