Sista Aliyeishinda Sindano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya watoto anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Sista Uko-Wapi, maana kila akisikia dawa fulani ndiyo bora, huuliza, "Ushahidi uko wapi?" Wageni kazini hudhani amepoteza kitu, na huanza kumsaidia kutafuta chini ya meza.

Alipoanza kazi, kila mtoto mwenye nimonia, hata isiyo kali, alilazwa siku tano achomwe sindano. Asubuhi moja mama mmoja alimleta bintiye yu hoi, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi. Alikuwa amekaa naye nyumbani siku nne. "Nilijua mtamlaza, dada," alisema, "na ada ya kitanda sina."

Mtoto alipona, kwa taabu. Sista ndiye aliyebaki na kidonda. Je, dawa ya kumeza nyumbani, yenye bei nafuu, haiwezi kazi ile ile?

Alipomuuliza daktari mmoja, alijibiwa kwamba ndivyo walivyofundishwa. Kamati ya utafiti ilimrudishia ombi lake mara mbili. Mjumbe mmoja alicheka, akasema kazi ya muuguzi ni kuchoma sindano, si kuzihoji. Mara ya tatu alikwenda na daktari wa watoto na mtakwimu, na ruhusa ikatoka.

Kwa miaka miwili, kwa idhini ya wazazi, walifuatilia watoto mia sita na kumi na wawili wenye nimonia isiyo kali. Kura ndiyo iliyoamua nani alazwe kwa sindano na nani arudi kwao na dawa ya kumeza. Sista aliwafuata wa nyumbani kwa miguu, mlango kwa mlango, akamaliza soli za jozi tatu za viatu. Mbwa wa mtaa wa nyuma walichoka kumbwekea.

Hesabu ilipofungwa, watoto wa pande zote mbili walikuwa wamepona sawasawa, na gharama ya wa nyumbani ilikuwa sehemu moja tu ya nane.

Kwenye mkutano wa wizara, ofisa mmoja alisisitiza kuwa wazazi huamini sindano tu. Sista akasimama. "Mheshimiwa, mzazi huamini mtoto aliyepona." Ukumbi ulilipuka kwa makofi! Miezi saba baadaye mwongozo wa matibabu ulibadilishwa nchi nzima. Leo wodini kwetu hakuna tena watoto wawili kitanda kimoja, na akina mama wanakuja siku ya kwanza kikohozi kinapobadilika.

Tusimpambe kupita kiasi. Kadi za rangi alizobuni mwenyewe za kukumbusha siku za kliniki, alipozipima, hazikusaidia chochote. Alisimama mbele yetu sote akasema, "Nimekosea, na takwimu hizi hapa." Katika miaka yangu kumi na tisa chini yake, hiyo ndiyo siku niliyomheshimu zaidi.

Mumewe, fundi seremala, ametutangazia kwamba kuanzia Julai simu za kazini hazitapokelewa kabla ya saa nne asubuhi. Tumesikia, shemeji, ingawa hatuahidi.

Dada yetu, ahsante kwa kutufundisha kuuliza bila woga. Tunakutakia afya njema, usingizi usiokatizwa, na wajukuu watakaokuchosha kwa maswali. Nenda kwa furaha. Kazi umeimaliza, na umeshinda.