Majani Aliyoyaharakisha Ragnvi Hallbeck

Wasikilizaji wapendwa, kama kahawa iko jikoni, mimineni sasa hivi mrudi mkae, maana huyu tunayemkumbuka leo hakuwavumilia watu wanaonyanyuka katikati ya mazungumzo. Ragnvi Hallbeck wa hapa kijijini kwetu Hörnebo hatunaye tena. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Kwa miaka hamsini Ragnvi alilima tumbaku nyuma ya nyumba yake. Hakuuza hata jani. Alitengeneza ugoro, ule wa kubandika chini ya mdomo wa juu, wa mumewe Alvar na wake yeye mwenyewe. Nasema na wake, kwa sababu wako wanawake kijijini hapa wanaobandika kwa siri, ukiwauliza wanasema jino linauma. Ragnvi aliwajua kwa majina, na kwa majina aliwadharau.

Niseme wazi: Ragnvi alikuwa mtu wa dharau. Familia imeniruhusu. Binti yake, Majvi, aliniambia kwa simu, "Ukisema mama alikuwa mpole, watu watadhani wamekosea jeneza."

Aliudharau ugoro wa kiwandani. Alividharau zaidi vile vifuko vyeupe vya kubandika vyenye ladha ya mnanaa. "Hiyo ni dawa ya meno," alikuwa akisema, "ya watu wasiopenda kupiga mswaki." Lakini dharau yake kubwa aliwawekea wanaokausha tumbaku kwa haraka. Kwake yeye jani halikaushwi, jani linaachwa likauke. Linavunwa Agosti, linatungwa uzi kwenye mshipa wake mnene, linatungikwa darini penye joto kidogo na unyevu kidogo. Linanyauka, linakuwa manjano, kisha hudhurungi. Ukilikimbiza, linakauka likiwa kijani, na ladha ya nyasi haitoki humo tena, utie chumvi, utie magadi, upike kutwa nzima. Ukizembea, linaota ukungu. Wiki sita. Mwaka wa baridi, wiki nane.

Sasa, ng'ambo ya barabara anaishi Torgny Stråhle. Torgny hukausha tumbaku yake kwenye sauna, kile kibanda cha mvuke nyuma ya gereji yake. Moto, feni, siku tatu, kwisha. Na kila vuli, kwenye maonyesho ya kijiji, kombe la ugoro wa nyumbani alilichukua Torgny. Mara tisa, wasikilizaji wapendwa. Mara tisa. Waamuzi tulikuwa watatu: mchungaji, mwalimu wa kuogelea, na mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kubandika ugoro. Tulinusa makopo na kutikisa vichwa kama watu wenye akili. Torgny alikuwa akitia asali, nasi tulipenda asali.

Mwaka ule wa tisa Ragnvi alinifuata mpaka kwenye meza ya maandazi ya mdalasini.

"Wewe wa redio," alisema. "Pua hiyo ni ya nini?"

"Ya kunusia," nikajibu.

"Haya. Na utaanza lini?"

Torgny naye alikuwa na fungu lake la dharau hiyo. Kwa miaka ishirini Ragnvi hakuwahi kumwuliza hali yake. Akikutana naye barabarani alimwuliza, "Sauna haijambo?" kisha akapita.

Basi, miaka kumi na moja iliyopita, mwishoni mwa Agosti, Alvar alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Moyo ulikuwa umechoka. Daktari alisema wiki mbili, labda tatu. Alvar hakuomba mengi. Alimwambia mkewe, "Nataka kuonja wa mwaka huu." Ugoro wa mwaka uliotangulia ulikuwa umekwisha, na majani ya mwaka ule yalikuwa na siku nne tu darini. Yalihitaji wiki sita. Alvar hakuwa nazo.

Majvi anakumbuka: "Mama alikaa jikoni asubuhi nzima, hakuvua hata buti. Halafu akapanda darini, akateremsha nyuzi zote, akazipakia kwenye toroli, akavuka barabara."

Torgny alikuwa anapaka rangi uzio wake. Haya ndiyo maneno yao, kama Torgny mwenyewe alivyonisimulia.

"Sauna ina moto?" Ragnvi aliuliza.

"Haina."

"Washa."

"Ragnvi, majani haya ni ya juzi. Yatakauka kijani."

"Unanifundisha?"

"Hapana."

"Basi washa, usinitazame."

Torgny hakucheka. Mimi ningecheka, tena ningelitangaza hapa hapa. Yeye alikwenda kuleta kuni. Siku tatu walikaa kwenye benchi nje ya sauna, wakipokezana kuingia kugeuza majani. Siku ya kwanza Torgny alizima feni, akapunguza moto, akayamwagia maji yale mawe ya moto ya sauna, ili jani lipate japo umanjano kidogo kabla ya kukauka. Ragnvi aliona.

"Kumbe unajua," alisema.

"Nilijua siku zote," Torgny akajibu. "Subira ndiyo sina."

"Hilo ndilo baya zaidi," akasema Ragnvi, akaingia kugeuza majani.

Wakasaga kwa kinu cha kahawa cha Torgny. Wakatia maji na chumvi, wakapika kutwa kwa moto mdogo, wakatia magadi, wakaupumzisha ugoro siku moja badala ya wiki nzima. Ragnvi akalipeleka kopo kwa Alvar, akasimama dirishani, kitanda amekipa mgongo. Majvi alikuwepo, na ndiye aliyenieleza.

Alvar alifinyanga kidogo kwa vidole, akabandika.

"Nyasi," alisema. "Mke wangu, umenilisha nyasi."

"Najua."

"Huu ni wa Torgny?"

"Ni wangu."

"Miaka yote hii unasema afadhali ufe kuliko kukausha hivi."

"Nilisema."

"Na hujafa."

"Sijafa."

Alvar akacheka mpaka muuguzi akaja mbio kumwambia auteme. Alikataa. Alikaa nao saa nzima, ugoro mbaya kuliko wote aliowahi kuonja, na jioni akabandika mwingine. Siku tano baadaye alifariki. Lakini kabla ya hapo alimpa mkewe agizo moja: kopo lililobaki alipeleke kwenye maonyesho, aone kama waamuzi watagundua.

Hatukugundua. Mchungaji alisema una harufu ya kiangazi. Nilikubaliana naye. Tukaupa kombe.

Ragnvi alipanda jukwaani akiwa na nguo nyeusi za msiba, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. "Huu ni ugoro mbovu," alisema. "Alvar alisema mtaupa kombe. Nilimbishia. Nilidhani hata ujinga wenu una mahali unapoishia." Akashuka, kombe akaliacha mezani. Sijawa mwamuzi wa kitu chochote kijijini hapa tangu siku ile, na sijaombwa.

Torgny hakuachana na sauna yake, wala Ragnvi hakuacha kuiulizia hali. Ila kila Krismasi Torgny alikuta kopo kwenye ngazi za mlango wake, ugoro wa hudhurungi, wa wiki sita. "Hakuniambia asante hata siku moja," Torgny aliniambia. "Angesema, ningemwita daktari."

Majvi, wewe na watoto wako, pokeeni pole yetu sote. Torgny, nawe pole. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mfikirieni mtu mmoja mnayemdharau, tena kwa haki. Sisemi mwache kumdharau. Jiulizeni tu, siku mkibanwa kabisa, si mlango wake ndio mtakaougonga?

Mazishi ni Ijumaa, saa tano asubuhi. Msilete maua, Ragnvi aliyaona ni mmea usio na kazi. Maagizo mengine aliyaandika kwa mkono wake, na Majvi amenisomea. Jeneza, upande wa mbele, litabebwa na Torgny Stråhle. Na chini ya jina hilo ameandika: mwambieni asiharakishe.