Kiberiti na Bendera ya Njano

Waombolezaji, ndugu na jamaa, na ninyi wa mbio za magari mliokuja kwa wingi mkaegesha vibaya hadi nje ya geti: ninayesoma ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, niliyemshonea ovaroli zake zote za mbio. Familia imenichagua kwa sababu, wanasema, mimi silii ovyo. Tutaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya gereji ya baba. Ukuta wa chumba chetu ndio uliokuwa ukuta wa gereji, kwa hiyo tulilala na kuamka na ngurumo za injini. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa amekunja ngumi. Akinyimwa kitu hakulia. Alirusha chochote kilichokuwa karibu. Siku moja kilichokuwa karibu ni spana ya kumi na saba, na kaka yetu mkubwa, aliyekaa hapo mbele, bado ana alama kwenye nyusi. Siku hiyo hiyo baba akamwita Kiberiti. Marehemu alikuja kuliandika jina hilo kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa gari lake, kana kwamba alikuwa amesifiwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971. Alikuwa hodari wa hesabu na mbovu wa kushindwa. Katika mashindano ya kukimbia na gunia alishika nafasi ya pili, akamfuata mshindi na kulichana gunia lake. Baba aliitwa shuleni, akalilipia. Baadaye marehemu alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme wa magari, na kumaliza mwaka 1977 kwa alama nzuri ambazo cheti chake bado kinazionyesha sebuleni.

Mwaka 1978 alianza kazi katika gereji ya baba. Siku za kazi alitengeneza magari ya watu, na Jumamosi alikuwa uwanjani akijaribu la kwake, alilolijenga kutokana na mawili yaliyokufa. Alishiriki mbio za kwanza mwaka 1981 na kwa miaka ishirini hakukosa msimu hata mmoja, isipokuwa ule aliofungiwa, ambao tutaufikia. Alishinda mara nyingi. Bingwa wa mwaka hakuwahi kuwa. Mara mbili alimaliza wa pili, na mara zote mbili ilibidi tumfiche funguo za gari mpaka apoe. Aliwahi kupiga teke tairi lake mwenyewe akavunjika kidole cha mguu. Wenzake mliopo mnajua kwamba siku hizo, Kiberiti akishuka kwenye gari amekasirika, hata mafundi wake walikumbuka ghafla kwamba wana kazi upande wa pili.

Ndoa yake ilitokana na sheria za mbio. Kila dereva lazima apimwe macho kila mwaka kabla ya kupewa leseni. Mwaka 1986 alikwenda kupimwa, na dada mpima macho akamwambia asome herufi za ubaoni kuanzia juu. Yeye akaanzia mstari wa chini kabisa, akaumaliza, kisha akasoma na jina la mchapaji lililokuwa pembeni kwa maandishi kama mayai ya chawa.

"Kaka, hayo hatujakuuliza," dada akamwambia.

Walifunga ndoa tarehe 6 Februari 1988 na kujaliwa watoto watatu. Shemeji yetu alipenda kusema kwamba yeye aliyapenda yale macho. Hasira alipewa kama nyongeza dukani.

Sasa tunafika mahali ambapo kwenye mazishi huwa tunapita haraka. Marehemu aliagiza tusipite haraka.

Kwa wasiojua mbio: bendera ya njano ikipepea kwenye kona, maana yake mbele kuna hatari, punguza mwendo na usimpite mtu. Jumapili ya tarehe 22 Agosti 1993, kwenye kona iliyo nyuma ya ghala la mafuta, gari moja lilizunguka na kuzimika katikati ya njia. Mshika bendera wa kona hiyo alikuwa seremala, ambaye mwisho wa juma alijitolea uwanjani bila malipo, na alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja. Marehemu aliingia kwenye kona kwa kasi, akampita aliyekuwa mbele yake, akaligonga lile gari lililosimama. Dereva aliyekuwa ndani alivunjika mguu, na tunashukuru kwamba alipona. Marehemu akashuka mzima, akapanda hadi kwenye kibanda cha mshika bendera, akamzaba kibao mbele ya jukwaa lililojaa watu.

"Ulikuwa umelala?" akampigia kelele. Jukwaa zima lilisikia.

Kamati ya nidhamu ilikutana wiki iliyofuata. Marehemu alisema bendera ilichelewa. Seremala akasema aliipeperusha mapema. Kamera haikuwepo kwenye kona hiyo, na neno la dereva mashuhuri likapimwa dhidi ya neno la mtu wa kujitolea. Marehemu alifungiwa msimu mmoja kwa ajili ya kibao. Seremala aliambiwa asirudi tena uwanjani, kwa uzembe. Mtaani kwake wakamwita Mlala Kona, na jina likamganda. Hata wateja waliokuja kuchukua milango yao walimtania: "Fundi, hukulala juu yake huu?"

Siku kamati ilipotoa uamuzi, mke wa marehemu alimuuliza wakiwa wanakunja nguo, "Kwani hukuiona bendera?"

"Haikuwepo."

"Mume wangu, mimi ndiye ninayekupima macho."

Marehemu akatoka nje akaenda kuosha gari ambalo tayari lilikuwa safi.

Ilipita miaka mitatu kabla mke hajamshika mkono na kumpeleka kwenye karakana ya seremala. Walimkuta akipiga randa mlango. Akawakaribisha, akawafutia vumbi kwenye benchi. Marehemu akaomba radhi kwa kile kibao, na kwa kweli aliomba vizuri.

"Kibao nilishakisahau," seremala akasema. "Mke wangu ndiye anayekikumbuka. Na bendera je?"

Marehemu akatazama randa.

"Sikiliza, bwana. Ulinisema mbele za watu, sasa unanijia huku kwenye vumbi, mimi na wewe na mkeo. Mke wangu anaitwa mke wa Mlala Kona sokoni, si humu. Siku utakayosema ukweli mbele ya wale wale, niite. Nitakuja hata kama naumwa."

Marehemu akajibu kwamba amesikia, kisha akaagiza meza. Hakuihitaji. Miezi michache baadaye alirudi tena kwa nia ya kuzungumza, akatoka ameagiza kabati. Halafu rafu ya vitabu, katika nyumba isiyokuwa na vitabu. Kazi za Fundi, ndivyo tulivyozoea kumwita yule seremala, zilikuwa nzuri kila mara, na kila mara alimuuliza marehemu swali lile lile la bendera kwa upole. Wajukuu wamekua wakidhani babu yao alipenda sana samani.

Lakini uwanjani alibadilika, na hili halina ubishi. Kabla ya kila mbio alizunguka kona zote kwa miguu kuwasalimia washika bendera, mmoja mmoja. Aliwahi kumwazima mpinzani mkanda wa injini, mpinzani akamshinda kwa mkanda huo huo, na marehemu akaenda kumpongeza huku mikono iko mfukoni. Mimi ndiye niliyemshonea mifuko ile. Aliniomba iwe mirefu, ya kutosha ngumi. Alinieleza kwamba mdomo ulishakubali kushindwa, ila mikono ilikuwa bado. Asiseme mtu hapa kwamba hasira zilimwisha. Alizifundisha adabu tu.

Mwaka 1999 chama cha madereva kilimpa kikombe cha uungwana. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, na mbele yake walikaa wale wale: kamati, madereva, watu wa jukwaani. Mkewe aliniminya mkono mpaka ukafa ganzi. Marehemu akakohoa. Akawashukuru wauza matairi. Akashuka. Tangu siku ile kikombe hicho kinakaa uani, kimejaa vibanio vya kuanikia nguo. Mtu aliyeweza kuingia kona yoyote bila kugusa breki alishindwa kupita kwenye kipaza sauti kimoja. Nilimkasirikia sana, naye alijua.

Alistaafu mbio mwaka 2001 na kuanza kufundisha madereva wapya. Wengi wenu mmepita mikononi mwake. Hakuwafundisha mwendo, alisema mwendo utajifundisha wenyewe au utakuvunja. Aliwafundisha kukaa ndani ya gari baada ya mbio mpaka pumzi itulie, kutomjibu msimamizi kwa kelele, na kutolaumu gari kabla ya kujilaumu. "Hasira mpakie, huwezi kumwacha njiani," aliwaambia, "lakini akae kiti cha nyuma."

Mwanzoni mwa 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Akadhani ni vumbi la uwanjani, akanywa maji ya moto na tangawizi kwa miezi. Daktari alikuta saratani ya koo. Upasuaji ulipangwa mwezi Juni, na tuliambiwa wazi kwamba sauti haitarudi. Siku alipolazwa tulikaa naye wodini, mimi na mkewe.

"Kesho wanaiondoa," akasema. "Miaka yote hii nimeitumia kugombana na watu. Na lile la Fundi sijalisema."

"Mpigie simu sasa hivi," mkewe akamwambia.

"Simu ni kama kule kwenye vumbi. Alisema mbele ya wale wale."

"Na wale wale utawapata wapi leo?"

Marehemu akafikiri kidogo. "Nikifa watakuja. Wale wanapenda sana mazishi."

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Kisha akatueleza jambo lote, kuanzia mwanzo, bila kumung'unya. Alipomaliza akasema, "Mtalisoma nyinyi. Msilipambe."

Aliishi miaka miwili zaidi bila sauti. Aliendelea kwenda uwanjani, akifundisha kwa mikono. Alipokasirika alipiga meza, na meza alikuwa nazo za kutosha. Mwaka jana Fundi alikuja kumjulia hali. Walikaa barazani wakanywa chai, mmoja hawezi kusema na mwingine hataki kumsemea. Alipoaga alimshika bega akamwambia ahadi yake ya kuja akiitwa iko pale pale.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Ngumi ilikuwa imefunguka. Hapa ndipo nilipolia, nikamaliza. Leo nimekuja kusoma.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mkubwa, na mimi. Ameacha pia madereva aliowafundisha, ambao tunawaomba mkitoka hapa muondoke taratibu.

Tulipokaa kama familia kuupitia wasifu huu, kaka mkubwa alipinga. "Jamani, marehemu hasemwi vibaya. Tena siku ya kumzika!"

"Hatumsemi, shemeji," mjane akamjibu. "Tunamsemea."

Kaka mkubwa akajikuna ile alama ya kwenye nyusi. Kisha akaniambia, "Basi soma polepole, wasikie mpaka wa nyuma."

Nasoma polepole. Fundi, tulikupigia simu Jumatatu na umekuja na mkeo. Na ninyi wa kamati ya wakati ule, na ninyi mliokuwa jukwaani, na ninyi mliosimuliwa tu mkacheka, haya ni maneno ya marehemu kama alivyotupa siku ile wodini.

Bendera ya njano ilipepea mapema. Niliiona kabla ya kuingia kwenye kona. Sikupunguza kwa sababu nilitaka kumpita aliyekuwa mbele yangu. Nilimpiga mtu aliyekuwa anatimiza kazi yake, kisha nikadanganya kamati, na kamati ikaniamini kwa sababu ya jina langu. Fundi hakulala. Hakuchelewa hata kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kumwita Mlala Kona alikuwa anarudia uongo wangu, na namwomba aache. Fundi, nisamehe, na mama watoto wako anisamehe, kwa yote aliyoitwa sokoni.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Familia inasimama nayo, na inakuomba radhi kwa niaba yake, kwa kukuchelewesha miaka thelathini na mmoja.

Sisi tunasema sasa: kaka yetu, pumzika kwa amani. Wewe, Fundi, hatukuharakishi. Utasema ukiwa tayari.